Popo wa Nyegezi hana kosa

Yafuatayo ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni Jumapili asubuhi.

 

Leo nina deni la kulipa. Nimeamua kulilipa hadharani kwa sababu naamini wako wazazi wengi wanaodai jibu kama hili, na wako vijana wengi wanaolingojea.

Juma lililopita jirani yangu mmoja hapa Nyegezi alinijia nyumbani jioni. Ni mvuvi wa siku nyingi, mtu wa maneno machache. Alikuwa amebeba kikapu, nami nikadhani kaniletea sato. Kumbe ndani mlikuwa na kaunta buku tatu zilizochakaa pembe. Alikataa chai, akazipanga mezani moja moja, kisha akasema, "Ndugu mtangazaji, wewe umesoma. Tazama haya, halafu uniambie kama mwanangu ana akili timamu."

Nilifungua. Kurasa zilijaa michoro ya kalamu ya wino: watu wenye macho makubwa kama ya bundi, nywele zilizosimama kama miiba ya nungunungu, na dude moja ambalo mdomo wake ulivutika ukachukua ukurasa mzima. Mzee akanieleza kwamba hayo ni mashetani ya Kijapani. Mwanawe ana miaka 20, alimaliza kidato cha nne, na sasa anashinda katika duka moja karibu na stendi ya mabasi, duka la kujaza filamu kwenye flashi na kadi za simu. Usiku, badala ya kulala ili alfajiri amsaidie baba yake kushona nyavu, hutazama katuni.

"Angependa mpira ningeelewa," mzee alisema. "Lakini mtu mwenye ndevu kukesha mpaka jogoo wa kwanza akicheka paka anayeonewa na panya! Nimekwisha mwambia mama yake kwamba hizi nitazitia jikoni."

Nikamwomba aniachie kaunta buku hizo kwa siku saba, nami nimjibu leo. Alikubali kwa shingo upande.

Siku ya pili nilikwenda kumtafuta kijana mwenyewe. Kwa msikilizaji ambaye hajafika, duka lenyewe ni chumba kidogo chenye kompyuta moja na feni moja, na nje yake benchi. Mabasi hupiga honi mpaka masikio yakauma. Juu ya benchi walikaa vijana sita, miongoni mwao mwendesha bodaboda, wanachuo wawili, na binti mmoja mwenye kibanda cha kutuma na kupokea fedha. Walikuwa wakibishana kwa sauti, kama watu wa Simba na Yanga siku ya mechi.

Kundi la kwanza lilikuwa la katuni za Kijapani, ambazo wenyewe huziita anime. Hao walisema katuni za Kimarekani ni za watoto wa chekechea. Tom anapigwa nyundo, anakuwa bapa kama chapati, halafu anasimama tena kana kwamba hakikutokea kitu. Hakuna anayekufa, hakuna anayejuta. Lakini katika Naruto, walisema, unamwona mtoto yatima ambaye kijiji kizima kinamtenga, naye anakua mbele ya macho yako, anashindwa, analia, anajaribu tena.

Kundi la pili lilikuwa la Marekani. Hao walijibu kwamba katuni ya Kijapani mtu husimama vipindi vitatu akieleza ngumi atakayopiga, na katika kipindi cha nne ndipo anaipiga. Katika muda huo, walisema, Jerry angekuwa amemaliza jibini yote, na mbwa wa Scooby-Doo angekuwa amekwisha mkamata mwizi.

Kijana wetu alipoulizwa yuko upande gani, alisema anapenda zote. Hapo benchi zima likamgeukia. "Popo huyo!" mmoja alipaza sauti. "Kwa ndege anaonyesha mabawa, kwa wanyama anaonyesha meno!" Wakacheka sana. Yeye akainamisha kichwa, akaendelea kumjazia mteja flashi yake.

Ndugu msikilizaji, nilipokuwa narudi nyumbani niliona kwamba mzee na lile benchi, ijapokuwa hawafanani kwa lolote, wana kosa moja. Mzee anadhani katuni ni mchezo wa watoto usio na kazi ndani yake. Benchi linadhani katuni ni timu ya mpira, lazima uchague jezi. Wote hawajauliza maswali ambayo mtu yeyote angeuliza kuhusu mtumbwi anaouona ufukweni: umetengenezwa na nani, kwa mbao gani, na ufundi huo alijifunza wapi?

Basi na tuulize.

Tuanze na jina. Hilo neno anime, ambalo vijana wetu hulitamka kwa fahari kama neno la Kijapani halisi, Wajapani wenyewe walilitoa kwenye Kiingereza. Walichukua neno la Waingereza lenye maana ya picha zinazotembea, wakalikata mkia. Na kule Japani neno hilo halibagui: katuni yoyote inayotembea ni anime, iwe ya Tokyo au ya Marekani. Kwa maneno mengine, bibi yangu, ambaye kwake Tom, Naruto na kikaragosi cha gazetini vyote ni "katuni", anaafikiana na Wajapani kuliko lile benchi la stendi.

Tuje kwa fundi. Katika historia ya katuni za Japani hakuna jina kubwa kuliko la Osamu Tezuka. Alizaliwa mwaka 1928, akasomea udaktari wa binadamu huko Osaka, lakini maisha yake yote akayatoa kwa uchoraji mpaka alipofariki mwaka 1989. Utotoni mwake, baba yake alikuwa na mashine ya kuonyeshea filamu nyumbani, na miongoni mwa filamu alizomwonyesha mwanawe zilikuwa katuni za Walt Disney. Kijana huyo alizipenda kupita kiasi. Filamu ya Disney inayoitwa Bambi, ile ya mtoto wa paa anayefiwa na mama yake, ilipofika Japani baada ya vita, Tezuka aliitazama mara nyingi ajabu, kisha akaichora upya kwa mkono wake katika kitabu cha watoto wa Kijapani. Yale macho makubwa yanayong'aa, ambayo leo tunayaita macho ya Kijapani, Tezuka aliyapata kwa kuwatazama Mickey, Bambi na wenzao wa Marekani.

Kwa hiyo mtu aliyeziweka katuni za Japani mahali zilipo alikuwa mpenzi mkubwa wa katuni za Marekani. Naye tumwite popo?

Mzee wangu atasema, sawa, lakini huyo alikuwa na fedha za Wajapani. Hapo ndipo penye somo kubwa. Hakuwa nazo. Ili picha iliyochorwa ionekane inatembea, jicho hupitishiwa picha 24 katika kila sekunde moja. Studio tajiri za Marekani zilichora michoro 24 au 12 kwa sekunde hiyo. Fanya hesabu: katuni ya dakika 20 ina sekunde 1,200, na kwa michoro 12 kila sekunde unahitaji michoro 14,400. Tezuka alitaka kutoa katuni yake ya mtoto wa chuma, Atom, katika televisheni kila juma. Watu wa fani hiyo waliona ni wazimu.

Alichofanya ni kupunguza. Alichora michoro minane kwa sekunde, na mara nyingine michache zaidi. Mtu anaposema, mdomo tu ndio unaocheza. Anapokimbia, mandhari ndiyo inayosogezwa nyuma yake. Mchoro mzuri wa Atom akiruka uliwekwa akiba, ukatumika tena juma lijalo. Na mahali ambapo Mmarekani angeweka mbio na vishindo, yeye akaweka kimya, uso uliotulia, chozi moja. Katuni hiyo ilianza kuonyeshwa Japani tarehe 1 Januari 1963, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa inaonyeshwa Marekani kwenyewe.

Kwa hiyo, enyi vijana wa benchi, yule shujaa wenu anayesimama vipindi vitatu bila kupiga ngumi asili yake ni mfuko mtupu wa fundi. Ufukara uligeuzwa kuwa ufundi. Na msiwacheke Wajapani peke yao. Waliotengeneza Tom na Jerry, William Hanna na Joseph Barbera, walikuwa wakichora kwa gharama kubwa kwa ajili ya majumba ya sinema. Studio yao ilipofunga idara ya katuni, mwaka 1957 walianzisha kampuni yao, wakaingia kwenye televisheni ambako fedha zilikuwa kidogo. Nao wakapunguza michoro. Midomo ikacheza, mandhari ikarudiwarudiwa. Ukimtazama Scooby-Doo akikimbia, hesabu ni mara ngapi anapita mbele ya taa ile ile na dirisha lile lile.

Tangu hapo mito hiyo miwili imekuwa ikimwagiana maji. Katuni ya Transformers iliyoanza mwaka 1984, ambayo wengi wetu tuliijua kuwa ya Kimarekani, ilitokana na vinyago vya kampuni ya Kijapani, na wachoraji wa studio ya Toei ya Japani walichora sehemu kubwa yake. Katuni ya Avatar, ile ya mtoto mwenye kipara anayetawala upepo, iliyoanza mwaka 2005, ilibuniwa na Wamarekani wawili walioipenda kazi ya Wajapani, ikachorwa na Wakorea. Na filamu ya Mjapani Hayao Miyazaki, Spirited Away, ilipopata tuzo ya Oscar mwaka 2003, walioisimamia kwa lugha ya Kiingereza walikuwa watu wa Disney wenyewe. Mtu anayesema anapenda upande mmoja tu, aghlabu hajui anachokitazama kimetoka wapi.

Sasa, ndugu msikilizaji, nikuombe uvumilivu, maana habari hii inaingia nyumbani kwetu.

Mwaka 1950 Tezuka alianza kuchora hadithi ya mwana simba mweupe katika mbuga za Afrika, ambaye baba yake anauawa naye anapaswa kuwa mfalme. Mwaka 1965 hadithi hiyo ikawa katuni ya televisheni yenye rangi. Wajapani walimwita Leo. Wamarekani walipoichukua, walitaka kumpa jina lingine. Fred Ladd, aliyesimamia kazi hiyo kwa upande wa Marekani, amesimulia kwamba jina walilolitaka lilikuwa Simba. Wakaambiwa hilo ni neno la kawaida la Kiswahili, haliwezi kuwa mali ya kampuni. Basi wakabadili herufi ya kwanza, wakamwita Kimba.

Mwaka 1994 Disney wakatoa The Lion King, filamu ya mwana simba wa mbuga za Afrika ambaye baba yake anauawa. Huyo jina lake likawa Simba bila kubadilishwa hata herufi. Wachoraji wengi wa Japani walitia saini barua ya kuwataka Disney wakiri kwamba wameazima kwa Tezuka. Disney walikana. Kampuni ya Tezuka haikwenda mahakamani, na ubishi huo unaendelea hadi leo.

Huo ni ugomvi wao. Mimi nakuomba utazame kitu kimoja ndani ya filamu hiyo. Kuna fisi watatu wakorofi. Mmoja anaitwa Shenzi, na maana yake huhitaji kuambiwa. Wa pili anaitwa Banzai, ambalo ni neno la Kijapani la kushangilia. Wa tatu anaitwa Ed, jina la Kimarekani kabisa. Mswahili, Mjapani na Mmarekani katika kundi moja la fisi! Lakini kati ya hao watatu, Mjapani ana katuni zake, Mmarekani ana katuni zake. Mswahili kachangia majina. Simba ni letu, Rafiki ni letu, Pumbaa ni letu, na mbuga zenyewe ni zetu, maana kutoka hapa Mwanza ni mwendo wa saa chache tu kufika lango la Ndabaka na kuingia Serengeti.

Hata "hakuna matata" tulichangia. Disney waliomba mwaka 1994 kuyasajili maneno hayo Marekani kuwa alama yao ya biashara kwa mavazi, wakapewa usajili mwaka 2003. Mwaka 2018 Mzimbabwe mmoja, Shelton Mpala, aliandaa ombi la kuupinga usajili huo, na watu wengi sana wakaliunga mkono. Usajili ule haumzuii mtu kusema hakuna matata pale Nyegezi. Lakini maneno yalituuma, nami nakiri yaliniuma.

Hata hivyo, tusiwe watu wa kulia jicho moja. Tunapolalamika kwamba wakubwa wamechukua neno letu, tukumbuke kwamba katika maduka ya flashi tunachukua michoro 14,400 ya mtu kwa shilingi mia chache, na aliyeichora hapati hata senti. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999. Kijana anayetaka kesho alipwe kwa mchoro wake, leo aanze kufikiri juu ya mchoro wa mwenzake. Nilimwambia hivyo kijana wetu, na sikumficha kwamba mimi mwenyewe nimewahi kujaziwa flashi. Alinyamaza, nami nikanyamaza.

Tena niwaase wazazi jambo moja kwa haraka. Si kila katuni ni ya mtoto. Wajapani huchora kwa rika zote, zikiwamo hadithi za watu wazima zenye damu na mambo ya chumbani. Usimwachie mtoto wa miaka saba simu kwa kuwa tu umeona picha zimechorwa. Keti naye dakika kumi, tazama anachokitazama.

Narudi kwenye suala letu. Je, sisi tumewahi kuwa na katuni zetu? Tumekuwa nazo. Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994. Zanzibar walitutangulia kwa miaka 20 hivi. Kabla ya hapo, mimi na rika langu tulikuwa na gazeti la Sani, lililoanzishwa miaka ya 1970 na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, ambao waliunganisha herufi mbili mbili za majina yao wakapata jina la gazeti. Nani wa umri wangu asiyemkumbuka Madenge na utundu wake, au Kipepe, au Ndumilakuwili? Katika shule moja, ambayo sitaitaja, mwalimu aliikuta Sani chini ya dawati langu. Aliichana mbele ya darasa, akanipa viboko viwili. Ndani ya ile Sani kulikuwa na karatasi ambazo rafiki yangu wa dawati alikuwa amejifunzia kumchora Madenge. Nazo zilichanwa. Mpaka leo sijui tulipoteza nini siku ile, na hakuna atakayejua.

Lakini najua ambao michoro yao haikuchanwa. Godfrey Mwampembwa, mtoto wa Dar es Salaam, anayetia saini Gado, alihamia Nairobi mwaka 1992, akawa mmoja wa wachora katuni wanaoheshimiwa kuliko wote Afrika. Ally Masoud tunamjua sote kwa jina la kikaragosi chake, Kipanya. Tangu mwaka 2014 vijana wa Ubongo Kids, kutoka Dar es Salaam, wamekuwa wakiwafundisha watoto hesabu na sayansi kwa katuni za Kiswahili. Watu hao katuni imewalisha, mzee wangu, na imewajengea heshima.

Nikupe na jambo la kuchoma. Mwaka 2023 Disney walitoa mkusanyiko wa filamu fupi kumi za katuni zilizobuniwa na Waafrika. Mkusanyiko wenyewe waliuita Kizazi Moto, kwa Kiswahili fasaha. Wabunifu walitoka Afrika Kusini, Misri, Nigeria, Zimbabwe, Kenya na Uganda. Ng'ambo ya ziwa hili hili letu, Mganda Raymond Malinga alitengeneza filamu ya mtoto mchunga ng'ombe. Mtanzania hakuwamo. Jina lilikuwa la Kiswahili, nasi tulikuwa watazamaji. Ni yale yale ya fisi watatu.

Sasa nifike kwenye zile kaunta buku.

Usiku wa siku ile niliyotoka stendi nilikaa nikazisoma, maana pembeni ya michoro kulikuwa na maandishi madogo. Haikuwa hadithi ya Kijapani. Lile dude lenye mdomo wa ukurasa mzima liliandikwa jina lake chini: Shing'weng'we. Na yule mtoto mwenye nywele za nungunungu ni Masala Kulangwa.

Kwa wasikilizaji ambao si Wasukuma, nieleze kwa kifupi. Shing'weng'we ni zimwi lililomeza watu wote na mifugo yao yote. Akabaki mwanamke mmoja mja mzito aliyejificha kwenye makapi ya nafaka. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa, mwenye akili nyepesi. Mtoto akamuuliza mama, watu wako wapi? Alipoambiwa, akatoka kulitafuta zimwi. Akaleta panzi: mama, ndiye huyu? Siye. Akaleta ndege: ndiye huyu? Siye. Mpaka siku akalikuta lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, watu wakatoka.

Yatima wa baba, kijiji kilichotoweka, zimwi, mtoto anayeanza na panzi na kukua hatua kwa hatua. Vijana wa benchi, hadithi mnayokesha kuitafuta Tokyo bibi zenu waliisimulia Usukumani kabla televisheni haijabuniwa.

Nikatazama tena michoro kwa jicho lingine. Macho ya Masala anapoambiwa kwamba baba yake alimezwa ni makubwa, yametulia, yana chozi moja: hayo kijana kayatoa kwa Wajapani. Zimwi linapomeza ng'ombe, linavutika, linavimba, ng'ombe anaonekana akipita shingoni kama kwenye bomba: hayo kayatoa kwa watu wa Tom na Jerry. Angekuwa mfuasi wa upande mmoja tu, angekosa ama chozi la mtoto, ama mdomo wa zimwi.

Alhamisi nilikwenda kwa mzee, nikamkuta anashona wavu. Nikamsomea kaunta buku zote tatu, ukurasa kwa ukurasa. Hakusema neno. Nilipomaliza aliendelea kushona kwa muda, kisha akauliza, "Mbona bibi kizee wa sikio hayumo?"

Ni kweli. Kwa wale wanaoijua hadithi yenyewe, Masala alipolipasua zimwi, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa ndani, naye bibi akaja juu badala ya kushukuru. Kijana ameiacha sehemu hiyo. Nikamwambia mzee, hilo si langu kumweleza, ni lako. Wewe uliisikia kwa mama yako.

Basi jibu langu, mzee wangu, nikijua redio yako iko wazi asubuhi hii, ndilo hili. Mwanao ana akili timamu. Kaunta buku hizo usizitie jikoni. Ila si haki alale mchana wakati wewe unashona nyavu peke yako. Asubuhi ziwe zako na nyavu zako. Jioni ziwe zake na kalamu yake. Na wewe jioni moja katika juma ukae naye, umsimulie hadithi kama ilivyo, pamoja na sikio la bibi.

Nawe kijana wangu, kutazama peke yake hakumfanyi mtu fundi, kama vile kula sangara hakumfanyi mtu mvuvi. Tezuka hakukaa kwenye benchi kubishana Japani na Marekani nani zaidi. Alikaa mezani. Hesabu umeipata: kwa michoro minane kila sekunde, dakika moja ya Masala Kulangwa ni michoro 480. Kwa michoro minne kwa siku, unaimaliza katika siku 120, yaani miezi minne. Piga picha kila mchoro kwa simu uliyonayo, uziunganishe. Usianze na dakika 20. Anza na panzi.

Na lile benchi likikuita popo, usiiname. Popo ana mabawa na ana meno, na usiku, wakati ndege wamelala, yeye ndiye anayeona njia.

Ndugu msikilizaji, muda wangu umekwisha. Tukijaliwa, tukutane tena Jumapili ijayo. Asubuhi njema.